Pedeli zinazolia kwikwi: nani anafungua na kupaka grisi mwenyewe? Tupeane uzoefu

Kisigino: Kuna jamaa kapita hapa sasa hivi, kila mguu wa kushoto ukishuka kwikwi, ukishuka kwikwi. Nikakumbuka enzi zangu. Haya, mnaofungua pedeli mpaka gololi, semeni yaliyowakuta.

Nati Huru: Yaliyonikuta ni ya kushoto. Mnajua wenyewe.

Bi Mdogo: Ya kushoto 😂😂 magoti ya watu yameisha

Spana15: Jamani ya kushoto thredi zake ni kinyume, makusudi, isijifungue yenyewe ukikanyaga. Simamisha spana iangalie juu, vuta kuelekea tairi la nyuma, inafunguka. Pande zote mbili ni hivyohivyo. Na cheni uiweke kwenye gia kubwa ya mbele, spana ikichomoka mkono usikutane na meno.

Bado Nakanyaga: Ngoja niwape yangu. Fundi alinifungia pedeli akachanganya, yenye L, yaani ya kushoto, akaitia kulia, ilipogoma akaongezea spana bomba refu mpaka ikaingia kwa nguvu. Pedeli chuma, krenki (ule mkono unaoshika pedeli) aluminiamu, hapo anaumia nani? Ikawa inaenda freshi tu, nikafika kwenye mlima nikasimama nikanyage vizuri, nikasikia krak, mguu ukaenda chini na pedeli yake mimi nikatua juu ya bomba la fremu uzito wote, wanaume mtanielewa, hata kulia sikulia maana sauti haikutoka. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma na mimi juu yake mpaka mtaroni. Mpita njia akaniokotea pedeli akanipa, "kaka umeangusha hii". Thredi za krenki zote zimeizunguka kama springi ya kalamu.

Bi Mdogo: UMEANGUSHA HII 🤣🤣🤣

Nati Huru: Pole kaka. Watoto lakini walipatikana baadaye?

Bado Nakanyaga: Wawili, nashukuru.

Mzee Grisi: Turudi kwenye mada. Toa kifuniko cha nje, nati, ile pete bapa ya washa, halafu koni inayobana gololi, na uweke kitambaa chini gololi zisikukimbie. Hesabu za kila upande. Osha na mafuta ya taa, kausha, jaza grisi, zipange humo zitanata zenyewe. Koni kaza hadi pedeli isicheze, ikiwa nzito legeza kidogo, ndipo ufunge nati. Na thredi za kuingilia kwenye krenki nazo paka, la sivyo zitagandana.

Kasi Mpya: Kazi yote hiyo ya nini, mimi napulizia mafuta yale ya kopo kelele inakata

Mzee Grisi: Unaosha grisi iliyobaki. Utarudi hapa na koni imechimbika.

Kasi Mpya: Mwaka wa ngapi huu na sijarudi

Spana15: Kuna wanaoweka mafuta ya kupikia, tuanze na hao kwanza

Kisigino: ...yananata baadaye, eti?

Bi Mdogo: Yuko kimya anatafuta kijiko 😂

Kidole Cheusi: Samahani wakuu, nimefungua muda huu, gololi moja imeingia chini ya kabati. Nifunge hivyohivyo?

Kasi Mpya: Funga tu

Mzee Grisi: Usifunge! Sogeza kabati. Ukiikosa peleka mojawapo ukapimiwe, nyingi ni 5/32 ya inchi, na ununue seti nzima, usichanganye mpya na zilizolika.

Nati Huru: Huyu wa mtaroni hajatuambia fundi alisemaje

Bado Nakanyaga: Alisema krenki ilikuwa feki.