Kampuni ndogo za parachichi: uthubutu unafungua soko la nje au unakata mtaji?

Mtoa mada
Wakuu, kampuni ya watu watano au kumi pale Njombe au Rungwe inayotaka kupeleka parachichi aina ya Hass Ulaya inabebwa na nini: mtaji, au tabia ya mwenyewe? Mtafiti wa usimamizi wa kampuni, Danny Miller, mwaka 1983 aliigawa tabia hiyo mara tatu: ubunifu, kuwahi kabla ya wenzako, na kuthubutu kubeba hatari. Msimamo wangu ni kwamba bila hizo tatu mzigo hautoki shambani. Anayesubiri mpaka kila kitu kikae sawa atakuta mnunuzi wa Rotterdam, Uholanzi, ameshaelewana na watu wa Peru.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, hapo kwenye kuwahi ndipo wengi wanapoangukia. Bei hupanda matunda yakiwa machache sokoni, basi watu wanachuma kabla ya wakati. Kwa macho hutambui kitu, maana Hass huchumwa ikiwa bado ya kijani. Kinachopimwa ni ukavu: uzito unaobaki maji yote yakishatoka. Kiwango kinachotumika soko la Ulaya ni Hass ifikishe angalau asilimia 21.

Kipimo chenyewe si kigumu. Chukua matunda ya miti tofauti, toa ganda na kokwa, kwangua nyama iwe nyembamba, pima gramu 10 kwenye mizani inayosoma hata sehemu ya gramu. Kausha kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, toa, pima, rudisha, mpaka uzito ugome kushuka. Ikibaki gramu 2.1, umefika. Ikibaki 1.8, acha matunda mtini. Ukiyachuma hivyo hayaivi sawasawa: ganda linakunjamana na nyama inakuwa kama mpira. Na ubaya wake hauonekani ukiwa Njombe, unaonekana wiki kadhaa baadaye, nauli ya meli ikiwa imeshalipwa.

Mchangiaji wa 2
Niongeze hesabu. Kontena la baridi la futi 40 hubeba paleti 20, na paleti ikipangwa katoni 264 za kilo 4, hizo ni tani 21 na kidogo. Kampuni ndogo ikiutoa mzigo huo wote kwa mali kauli, yaani ilipwe mnunuzi akishauza, huo si uthubutu, ni kumkabidhi mtu mtaji. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ikarefuka kwa siku 10 hadi 14. Tunda lililopoozwa kwa kuchelewa haliwezi kustahimili siku hizo.

Ukitaka kuthubutu, weka vitu vinne kwenye mkataba: bei ya chini ambayo haiguswi, malipo ya awali kabla hujaachia hati za shehena, mkaguzi asiye wa upande wowote mzigo ukifika, na vifaa vya kurekodi joto ndani ya katoni. Hicho cha mwisho ni cha bei ndogo na ndicho kinachosahaulika. Mnunuzi akidai matunda yamefika laini, bila rekodi ya joto huna cha kumjibu.

Na uthubutu wa kweli kwa wadogo naona ni kampuni tatu kuchangia kontena moja.

Mchangiaji wa 3
Kwa nini Ulaya kwanza? Watafiti wa Sweden, Johanson na Vahlne, mwaka 1977 walionyesha kwamba kampuni hujifunza nje hatua kwa hatua, ikianzia kwa jirani. Uzieni Nairobi, kisha Dubai.

Mtoa mada
Dubai sawa. Lakini mnunuzi wa Nairobi anayekuja na lori lake, akachagua mwenyewe na kubandika lebo yake, anakuachia fedha tu, ujuzi anaondoka nao.

Kwa mchangiaji wa 1, nakubali: kuwahi kuchuma ni pupa. Kuwahi ninakokutetea ni kwa makaratasi na dawa. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango cha mabaki ya kloropirifosi, dawa ya kuua wadudu, kinachoruhusiwa kwenye tunda hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Aliyefuatilia alibadilisha dawa shambani mapema. Pia mzigo unaozidi yuro 6,000 hauingii kwa msamaha wa ushuru kama hujajisajili kwenye REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kusajili wauzaji wa nje, na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini, hakiombwi kontena likiwa getini. Mwenye kampuni anayeyatafuta haya msimu haujaanza ndiye ninayemwita mthubutu.

Ila mchangiaji wa 2, kwenye kontena la watu watatu, paleti za mmoja zikiharibika nani analipa?

Mchangiaji wa 2
Jina la msafirishaji liwe moja, na kila paleti iwe na namba ya shamba na tarehe ya kuchumwa, ili hesabu irudi kwa mwenyewe. Lakini haitoshi. Tunda likianza kuiva hutoa gesi ya etilini inayoamsha mengine, na hewa ya kontena ni moja. Aliyezembea anaharibu hata paleti za wenzake. Kwa hiyo kipimo cha ukavu kifanywe siku moja kwa mashamba yote, mbele ya wote watatu, na hasara ya kuiva njiani igawanywe kwa idadi ya paleti. Asiyekubali hilo kwa maandishi asipakie.