Waogiek walishinda Arusha, hati ya ardhi bado. Jamii nyingine ya msituni ianzie wapi?

mzinga_wa_mwerezi:
Habari za humu. Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, waliishinda serikali ya Kenya kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na hukumu ya fidia ikafuata tarehe 23 Juni 2022. Kisha Novemba 2023 watu wakafurushwa tena Sasimwani, Narok. Sasa jamii ndogo ya wawindaji na warina asali inayotaka kujisimamia kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ibishe mlango upi kwanza: msajili wa ardhi ya jamii, mahakama za hapa, au Arusha? Na mambo hukwama wapi hasa?

Kifungu63:
Arusha moja kwa moja hamfiki. Kenya haijatoa tamko la kifungu 34(6) cha itifaki ya mahakama hiyo, lile linalomruhusu raia au shirika kuishtaki serikali pale. Waogiek walianzia kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Banjul, Novemba 2009, baada ya ilani ya siku 30 ya kuhama Mau. Tume ndiyo iliyoifikisha kesi Arusha, Julai 2012. Tangu ilani hadi hukumu ya fidia ni miaka 12 na zaidi. Tume nayo huuliza kwanza kama mmemaliza njia za ndani, kwa hiyo jalada la mahakama za hapa mtalihitaji hata mkitarajia kushindwa.

Usajili uko sehemu ya 7 ya Sheria ya Ardhi ya Jamii, Na. 27 ya 2016. Msajili anatangaza mkutano kwenye gazeti na redio za kitaifa, jamii inachagua kamati ya watu 7 hadi 15, kamati inaandaa daftari la wanachama. Halafu jina la jamii, daftari, kumbukumbu za mkutano na kanuni zinapelekwa kwa msajili. Mkipewa cheti hapo, iliyosajiliwa ni jamii, si ardhi! Wengi huchinja mbuzi mapema. Bado kuna kuhakiki mipaka, pingamizi za majirani na upimaji, ndipo hati itoke. Muda wote huo ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa amana, Kifungu 63(3) cha Katiba.

Kinachoharibu zaidi ni daftari. Akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya uamuzi, ya mkutano mkuu wa jamii ni theluthi mbili ya watu wazima wote. Mkiandika watu 900 ili muonekane wengi, lazima 600 wafike uwanjani, na kuuza au kutoa ardhi kunataka theluthi mbili ya waliosajiliwa wakubali. Marehemu na waliohamia mjini wasiorudi watawakwamisha kila mkutano. Kuwaacha nje wanawake ni kosa kubwa zaidi, maana sehemu ya 30 inakataza ubaguzi na mtu mmoja tu akipinga kazi yote inaweza kurudi mwanzo.

ramani_na_koo:
Hayo ni sawa kwa ardhi ya malisho. Kwa msitu fundo liko kwenye Katiba yenyewe. Kifungu 62(1)(g) kinaiweka misitu ya serikali kwenye ardhi ya umma, isipokuwa ile ya 63(2)(d)(i), yaani inayotumiwa *kihalali* na jamii fulani kama misitu ya jamii, malisho au mahali patakatifu. Ardhi ya asili ya wawindaji iko kwenye kipengele cha (ii), na (ii) haikutajwa kwenye ile "isipokuwa". Hapo upande wa serikali una pa kushika. Andikeni madai chini ya (i) na (ii) pamoja.

Kabla ya hapo tafuteni tangazo la Gazeti Rasmi, mjue ardhi ilitangazwa nini na mwaka gani. Chepkitale, Mlima Elgon, ilikuwa ardhi ya amana, yaani iliyoshikiwa wenyeji, kabla ya kugeuzwa hifadhi mwaka 2000, na Septemba 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma iliwapa Waogiek wa huko ushindi. Msitu uliotangazwa tangu ukoloni ni mzigo mwingine.

Kwenye ramani wekeni mizinga, mapango, makaburi na mipaka ya koo, kwa GPS, na majina ya kienyeji kama yanavyotamkwa. Onyesheni pia waliokwisha kupewa hati ndani yake. Hukumu ya 2022 inaitaka serikali ianzishe mazungumzo kati ya Waogiek na waliokodishwa au kupewa vibali juu ya ardhi yao, na wasipoelewana iwafidie watu hao na kuirudisha ardhi. Ramani inayowaficha watu wa aina hiyo itawaumbua ninyi wenyewe.

Kifungu63:
Kweli kuhusu (ii), sikulisema. Na msiogope hoja ya mazingira: hukumu ya 2017 ilikataa kwamba Waogiek ndio waliouharibu Mau, ikataja wavamizi wengine, serikali kumega msitu kwa makazi, na vibali vya ukataji miti.

baraza_la_wazee:
Neno "kujisimamia" lisiwapumbaze. Katiba haiipi jamii serikali yake. Kilicho karibu ni mkutano mkuu wa sehemu ya 15 ya Sheria ya Ardhi ya Jamii na kanuni mnazojitungia za kutumia ardhi. Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa jamii za asili, msiutegemee, Kenya haijauridhia. Tegemeeni Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ambao kwa Kifungu 2(6) cha Katiba ni sehemu ya sheria za Kenya.

Fidia ya Waogiek ni shilingi 157,850,000, na kati ya hizo, milioni 100 ni za madhara ya utu na utamaduni. Serikali iliamriwa iwape hati ndani ya miaka miwili. Mahakama haikuchora mpaka wowote, na jukumu la kuuchora likaachiwa yule yule aliyeshindwa, kwa kushauriana na jamii. Ndiyo maana nasema ramani yenu iwe tayari kabla ya hukumu.

mzinga_wa_mwerezi:
Asanteni. Daftari na kesi vyaweza kwenda sambamba?

Kifungu63:
Vyaweza. Ila jamii isiyosajiliwa isishtaki kwa jina lake. Fungueni kwa majina ya watu watano sita kwa niaba ya wengine, Kifungu 22 kinaruhusu, na siku hiyo hiyo ombeni amri ya muda ya kuzuia ufurushaji.