Vilima vya mchanga vya Shela vitengwe kuwa hifadhi sasa, "mchakato unaendelea" tumechoka nao

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Amu, na wengine wote mlioko jamvini.

Huu ni uzi wa malalamiko na nimeuandika nikiwa na hasira. Ile ardhi ya umma nyuma ya kijiji cha Shela, hapa kisiwani kwetu Amu (Lamu), vilima vya mchanga vinavyofuata ufuo mpaka upande wa Kipungani, itapangwa lini rasmi kuwa ardhi ya hifadhi? Lini itapimwa, iwekewe mipaka, iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na hati zozote zilizopenyezwa humo zifutwe? Kila tukiuliza tunajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Na huku mchakato ukiendelea, mchanga unakatwa viwanja.

Mgeni akiviona vilima vile huona mchanga mtupu. Madalali nao ndiyo maneno yao, "pale hapana kitu, hapaoti hata muhogo." Chini ya mchanga huo ndiko yaliko maji tunayokunywa. Kisiwa hiki hakina mto. Masika yakinyesha, mchanga unaimeza mvua pale pale, unaichuja, na maji matamu yanakaa chini yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wa maji wana hesabu yake: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuzeni hesabu hiyo. Mtu akivuta kwa pampu mpaka maji yakashuka mita moja, chumvi nayo inapanda kutoka chini, na mwisho wake yaweza kupanda kama mita 40. Ndiyo maana kisima kikishaingia chumvi hakiponi kwa kuchimbwa zaidi. Ukizidi kuchimba, chumvi ndiyo unayoifuata.

Tena mchanga unaopitisha mvua unapitisha na uchafu. Jengeni majumba ya kifahari juu yake, kila moja na shimo lake la maji taka, bwawa la kuogelea, pampu yake na bustani ya kumwagilia, kisha mtuambie mtoto wa mtaa wa Langoni, hapa mjini, atakunywa nini.

Kama mnadhani natisha watu, njooni nyumbani kwa dada yangu. Kisima cha uani kwake kimebadilika. Kaskazi ikikolea, sabuni haitoi povu, maharagwe yanawekwa jikoni adhuhuri mpaka magharibi yangali magumu, na chai ukiitia maziwa yanakatika. Maji ya kunywa ananunua, yanaletwa kwa punda, mtungi kwa mtungi. Yeye ana mume anayefanya kazi. Jirani yake mjane anachanganya, nusu ya kununua nusu ya kisima, na watoto wanakunywa hivyo hivyo.

Na si jambo geni kwetu. Waulizeni watu wa Shela asili yao. Wazee wao walikuwa Takwa, kisiwani Manda, mji wenye msikiti wa Ijumaa na nyumba za mawe, wakauhama katika karne ya 17. Sababu inayotajwa sana ni maji, kwamba visima viliingia chumvi. Mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kwenye lile kaburi la mnara kuomba dua ya mvua. Tunavuka bahari kwenda kuomba maji kwenye mji uliohamwa, kisha tunarudi kwetu tunayapita mawe ya mpaka yaliyopandwa juu ya maji tuliyo nayo, na tunanyamaza!

Mawe hayo nimeyaona kwa macho yangu. Ya saruji, yamezikwa mpaka shingoni, namba zimeandikwa kwa rangi nyekundu, na katikati zimechomekwa boriti zinazosubiri seng'enge. Palikuwa na kijana analinda. Nikamuuliza ni pa nani. "Pa tajiri, mzee. Mimi nimewekwa tu." Tajiri gani, hamjui. Sina ugomvi na kijana yule, anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni na aliyetia sahihi.

Sheria haikosekani, jamani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, imesema wazi kwamba maeneo ya vyanzo vya maji ni ardhi ya umma, inashikwa kwa amana kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 12, inataja ardhi ambayo tume haitakiwi kuigawa, na humo vimo vyanzo vya maji, fuo na mikoko. Sheria ya mazingira ya 1999 inatoa nafasi ya kuyalinda maeneo ya pwani. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 imeipa kila kaunti jukumu la kupanga ardhi yake itumike kwa nini. Tunachokosa ni mtu wa kuifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Nilihudhuria kikao kimoja cha "maoni ya wananchi" kuhusu huo mpango wa matumizi ya ardhi. Ofisi siitaji, wenyewe wanajijua. Tangazo lilikuwa karatasi moja, kwa Kiingereza, imebandikwa mlangoni kwao. Kikao kikapangwa Ijumaa saa sita mchana. Ijumaa saa sita, Amu! Nani asiyejua watu wako wapi saa hiyo? Tuliowahi baada ya sala tukaonyeshwa ramani isiyozidi ukubwa wa daftari la shule. Mji umetiwa rangi, mashamba yametiwa rangi, mikoko imetiwa rangi. Vilima vya mchanga ni vyeupe. Nikaweka kidole nikauliza, "Hapa peupe ni nini?" Afisa akajibu, "Hapo bado hapajapangwa." Nikamwambia hapo ndipo yanapotoka maji uliyonawia uso asubuhi. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, kikao kikafungwa, na hatujasikia neno tena.

Ule weupe ndio ninaoupigia kelele. Ardhi ya umma ikiachwa bila kuandikwa ni ya nini, ataiandika mwingine. Hatuhitaji kusimuliwa, tumeyaona wenyewe kule bara, ndani ya kaunti yetu ya Lamu. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za ardhi za kampuni 22 katika kaunti hii, jumla ya ekari kama 500,000. Ni karibu theluthi ya kaunti nzima. Ardhi kiasi hicho iliingia mikononi mwa watu wachache, na mwananchi aliyezaliwa juu yake alikuja kusikia kwenye redio.

Sasa nawageukia ndugu zangu wanaolipinga jambo hili, kwa sababu wapo na wana haki ya kusikilizwa. Wanasema neno hifadhi limewaumiza watu wa Lamu. Ni kweli. Misitu ya Boni na Dodori ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1976. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Waboni wa Basuba, Mangai na Kiangwe, watu wa asali na mawindo tangu mababu, wakageuka wahalifu ndani ya msitu walioutunza wenyewe. Hakuna aliyewauliza. Mzee wa Kiboni akiniambia haamini hifadhi yoyote, sina la kumbishia.

Lakini jawabu la hifadhi iliyotengwa kwa dhuluma haliwezi kuwa kumwachia dalali mchanga. Tudai hifadhi yenye masharti yetu, yaandikwe ndani ya mpango wenyewe. Visima vya wananchi vibaki wazi. Wavuvi wapite ufuoni bila kuulizwa na mtu. Makaburi yazuriwe. Mwenye punda na mbuzi asisumbuliwe. Usimamizi uwe na watu wa Shela, Langoni, Mkomani, Matondoni na Kipungani, na wanawake wawemo tena wengi, maana wao ndio wanaojua kisima kipi kimebadilika na lini. Na pasijengwe hoteli ndani yake, hata hiyo inayojiita rafiki wa mazingira. Hili la mwisho msilegeze hata kidogo, kwa sababu ndiyo njia wanayopitia: wananchi wanaondolewa kwa jina la hifadhi, baadaye kinaonekana kibao cha vyumba vya wageni.

Wasituambie haiwezekani. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa huku ulikuwa na fedha na wakubwa nyuma yake, na bado mwaka 2019 jopo la taifa la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) liliifuta leseni yake, moja ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioipeleka kesi ile walikuwa watu wa hapa hapa.

Tumeanza kuandika barua kwa tume, na nakala kwa kaunti. Naomba vitu vitatu. Aliye na picha za mawe ya mpaka azihifadhi pamoja na tarehe na mahali, sura za vijana wanaolinda msiziweke. Wenye wazee majumbani waulizeni majina ya visima vya zamani kule mchangani na vilikuwa wapi, tuvitie kwenye ramani. Na nyinyi mawakili wa Amu mlioko Mombasa na Nairobi, mliolelewa kwa maji haya, nataka mmoja wenu aisome barua kabla haijatoka. Ajitokeze hapa chini.