Kutoka Voi hadi Maseno na binti anayejiunga na chuo: treni, basi, gari au ndege?

Mama wa Voi:

Hamjambo nyote, hasa ninyi wakazi wa Kisumu, Nakuru na magharibi kwa jumla. Kitinda mimba wangu ameitwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Maseno, na barua inamtaka afike Jumatatu asubuhi akiwa na vyeti vyake halisi. Tunaishi Voi, na mimi mwenyewe upande huo wa nchi sijawahi kuvuka Nakuru. Nitamsindikiza, nihakikishe amepata pa kulala, kisha nirudi kazini.

Nyumbani kila mtu ana rai yake. Baba yake anasema tulisubiri barabarani basi la Mombasa linalokwenda moja kwa moja, tulale humo, tuamkie Kisumu. Mjomba wake amejitolea kutupeleka kwa gari lake dogo. Ni dereva makini, lakini umri umesogea na macho yake ya usiku si yale ya zamani. Mimi moyo wangu uko kwenye treni. Binti mwenyewe, bila haya, ametaja ndege. Mzigo wetu ni sanduku kubwa, begi la mgongoni, godoro, ndoo iliyojaa vyombo na mtungi mdogo wa gesi, zawadi ya shangazi yake. Naomba mnielekeze njia itakayotufikisha mchana, tukiwa bado na nguvu za kusimama kwenye foleni ya usajili, na isiyokula fedha za karo.

Mwenyeji wa Otonglo (Kisumu):

Hongera kwa binti, Mama. Kabla hatujafika kwenye treni na mabasi, isome tena barua hiyo uone imetaja kampasi ipi. Wageni wengi husikia Maseno wakadhani ni mtaa wa Kisumu, kumbe ni mji mdogo ulio umbali wa kilomita 25 hivi kutoka Kisumu, kwenye barabara ya Busia, pale pale unapopita mstari wa ikweta. Chuo hicho kina kampasi nyingine ndani ya jiji la Kisumu, na nimewaona wazazi wakishusha magodoro katikati ya mji, kisha wakayapakia tena kwenye matatu ya Luanda, mji ulio mbele kidogo ya Maseno, huku jua likiwaka.

Kuhusu treni, moyo wako haujakudanganya. Reli ya SGR, ile mpya ya kisasa, iliyotoka Nairobi kuja huku iliishia upande wa Suswa mwaka wa 2019, kwa hivyo haitakufikisha Kisumu. Hata hivyo, ile reli ya zamani, iliyofika kwetu mwaka wa 1901, ilikarabatiwa, na treni ya abiria ikaanza tena mwishoni mwa 2021 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Utaratibu wake umekuwa kuondoka stesheni kuu ya Nairobi Ijumaa jioni na kuingia Kisumu Jumamosi asubuhi, kisha kurudi Nairobi Jumapili jioni. Wewe unaripoti Jumatatu, basi hesabu yako inaangukia vizuri: Ijumaa mnapanda Voi ile treni ya SGR ya asubuhi inayosimama stesheni za njiani, mnashuka Syokimau, stesheni ya SGR ya Nairobi, mapema alasiri, mnaunganisha na treni ndogo ya abiria mpaka stesheni kuu, na jioni mnaendelea na safari.

Tatizo ni moja. Treni hiyo ya Kisumu husitishwa mara kwa mara, mvua inapoharibu tuta la reli au kunapokuwa na matengenezo. Hakikisha wiki ile ile ya safari kwamba ipo, wala usitegemee tangazo la mwezi uliopita.

Dereva Mstaafu (Nakuru):

Mimi nimeendesha magari ya abiria katika barabara hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hivyo nitazungumzia gari la mjomba na basi la usiku, na mtaniwia radhi nikirefusha maneno.

Kutoka Voi hadi Maseno ni takriban kilomita 700. Sheria yetu ya barabarani inamkataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ikiwa sheria haimruhusu mtu anayelipwa kwa kazi hiyo kwenda kwa mkupuo mmoja, mjomba mwenye macho yaliyochoka ana sababu gani ya kujaribu? Akishikilia kuja, aondoke Voi alfajiri, alale Nakuru, na siku ya pili amalizie sehemu iliyobaki kwa mwanga wa mchana.

Nasema mchana kwa sababu nazijua sehemu zenyewe. Ukitoka Nairobi kwa njia ya juu, kati ya Kimende na Kinungi kuna ukungu wa asubuhi unaoficha hata taa za lori lililo mbele yako. Kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa mwishoni mwa 2025, kwa hivyo tarajieni misongamano na njia za mchepuko, ambazo usiku hazisomeki vizuri. Baada ya Nakuru mtapita Salgaa na Sachangwan, ambako malori yanayoshuka kutoka Mau Summit hufika breki zikiwa zimechemka mpaka mnazisikia harufu madirisha yakiwa yamefungwa. Hapo Mau Summit ndipo barabara inapogawanyika: ya Eldoret inaendelea mbele, nanyi mnashika ya kushoto kuelekea Kericho. Mbele kidogo ni makutano ya Londiani, ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo likawavamia watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafariki. Pale hupiti kwa kasi, hata kama barabara ni nyeupe. Kericho nayo hunyesha karibu kila alasiri, halafu mnateremka Ahero, na joto la ziwa linawapokea.

Basi la moja kwa moja silikatai, ila uliza mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, lina madereva wangapi? Karani akianza kuzungukazunguka katika jibu, tafuta kampuni nyingine. Pili, linapita njia gani? Yapo mabasi ya Mombasa yanayokwenda Busia kwa njia ya Kisumu, na hayo yatapita Maseno penyewe. Mengine hupitia Eldoret na Bungoma, na ukipanda hilo utajikuta mbali kabisa na chuo.

Msafiri wa Milimani (Kisumu):

Naongeza kwamba mabasi hayo hupita Voi giza likiingia au likiwa limeshaingia, na kiti mlichoahidiwa kwa simu mnaweza kukikuta kimekaliwa na mtu aliyepandia Mombasa. Nilimwona mama mmoja akisafiri kwa kukalia kreti ya soda hadi Mtito Andei, na tikiti yake mkononi. Lipieni mapema, mpate stakabadhi yenye namba ya kiti.

Kwa ndege, msimcheke binti. Stesheni ya Syokimau iko karibu na JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na kutoka hapo hadi Kisumu ni chini ya saa moja angani. Isitoshe, uwanja wa Kisumu uko kwenye barabara hiyo hiyo ya Busia, upande wa Maseno, kwa hivyo ukitoka langoni huna haja ya kuingia mjini. Unageukia Kisian na kwenda zako. Kinachoharibu mambo ni mzigo. Tikiti za bei ya chini kwa kawaida hujumuisha begi dogo la mkononi tu, na sanduku hulipiwa kando. Godoro hilo nalo litasafiri kwa nauli gani?

Mama wa Voi:

Nawashukuru sana. Nimeitazama barua, na kweli ni kampasi kuu ya Maseno. Ndege nimeiondoa, na mjomba ameelezwa kwa heshima kwamba tutamhitaji zaidi siku ya mahafali. Nimebakiwa na maswali mawili. Treni ya Kisumu isipokuwepo, je, tulale Nairobi au tupande basi la usiku hapo hapo? Na mtungi wa gesi, nitaupitisha wapi?

Mwalimu wa Luanda (Vihiga):

Dada, mtungi uache Voi. Katika stesheni za SGR mizigo yote hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na gesi hairuhusiwi. Utaachwa mlangoni na shangazi atakasirika bure. Halafu ulizeni kwanza kama bweni alilopangiwa linaruhusu kupika kwa gesi. Akipanga chumba nje ya chuo, mitungi inauzwa hapa hapa.

Godoro pia msilibebe. Soko letu la Luanda liko mbele kidogo tu ya Maseno ukielekea Busia, na magodoro, ndoo, masufuria na vyandarua vimejaa tele. Vyandarua navitaja makusudi, kwa kuwa malaria huku ni ya mwaka mzima. Chandarua kiwe cha kwanza katika orodha yenu, hata kabla ya godoro. Kwa hiyo, kutoka Voi mje na sanduku, begi, na bahasha ya vyeti, ambayo wewe mwenyewe utaishika mkononi safari nzima. Vitambulisho pia, kwa sababu tikiti ya treni hukatwa kwa namba ya kitambulisho, na msimu wa wanafunzi kuripoti tikiti huisha mapema.

Treni ya Kisumu ikikosekana, laleni Nairobi. Ijumaa jioni tafuteni gesti karibu na kituo cha mabasi mtakayopanda, na Jumamosi saa moja asubuhi mchukue basi la Busia linalopitia Kisumu. Nairobi hadi Kisumu ni mwendo wa saa saba au nane, kwa hivyo mtapita mjini alasiri na kufika Maseno jua lingali juu. Mwambieni utingo mapema, mkishavuka Kisian, kwamba mnashukia chuoni, kwa maana wengine husahau wakawapeleka abiria mpaka kwetu Luanda. Jumapili mtanunua vitu kwa utulivu na kuitazama njia ya ofisi ya usajili, na Jumatatu saa mbili asubuhi muwe tayari kwenye foleni. Wewe kurudi, usingoje treni ya wikendi. Panda matatu hadi Kisumu mchana huo huo wa Jumatatu, ulale mjini, na Jumanne asubuhi uchukue basi la Nairobi.