Asali ya Sikonge: nitathibitishaje ni ya mti wa mtundu?

Swali: Wakuu, mnunuzi anataka uthibitisho wa maabara kwamba asali yetu imetoka kwenye maua ya mtundu. Tupime nini?

Jibu 1: Anzeni na chavua. Yeyusha gramu 10 za asali kwa mililita 20 za maji yasiyozidi nyuzi 40, zungusha kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) dakika 10, mwaga maji, hesabu chavua iliyo kwenye mashapo kwa hadubini. Chavua ya mmea mmoja ikizidi 45%, kwa kawaida asali huitwa ya mmea huo. Chumeni pia chavua mitini, la sivyo hamna cha kulinganishia.

Jibu 2: Naongezea: vipimo vya kemia navyo vinahitaji rejea, yaani sampuli za kulinganishia. Kromatografia ya gesi (kipimo kinachotenganisha kemikali za harufu) huitambua asali ya michungwa kwa kemikali iitwayo methili anthranilati. Kwa mtundu jengeni rejea yenu kwa sampuli za mizinga iliyo katikati ya mitundu, zilizovunwa msimu wa maua yake. Na tafadhali, msichemshe asali! Harufu za maua hupotea. Moshi mwingi wakati wa kurina nao huingiza fenoli (kemikali za moshi) kwenye asali, majibu yakapotoka.

Jibu 3: Kipimo cha kaboni-13 (aina nzito ya kaboni) hunasa sukari ya miwa au mahindi iliyochanganywa. Hakitaji asali imetoka ua gani, msikilipie kwa kazi hiyo.