Ulinganisho: filamu ipi ya dinosaria kwa klabu ya sayansi, ya 1940, 1966 au 1969?

Mwl_Pindo: Wakuu, naagiza diski moja wiki hii kwa ajili ya klabu ya sayansi. Nimebakiza tatu: One Million B.C. (1940), One Million Years B.C. (1966) na The Valley of Gwangi (1969). Vijana wawinde makosa ya kisayansi. Nichukue ipi?

fremu24: Mwalimu, kidato cha ngapi? Deki ni ya DVD au Blu-ray? Bila hayo tunapiga ramli. DVD hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: ya Uingereza ni kanda ya 2, sisi Tanzania tuko kanda ya 5, na deki iliyofungiwa kanda moja haiisomi. Kwa Blu-ray, sisi na Uingereza wote ni kanda B.

BintiKilwa: Chukua ya 1966, hakuna mjadala. Kosa la binadamu kuishi na dinosaria kila mtoto atalikamata. Zuri zaidi ni Ceratosaurus kupigana na Triceratops. Wa kwanza aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, wa pili milioni 68 hadi 66. Triceratops yuko karibu na sisi kuliko na huyo adui yake!

Jabali: Angalieni toleo kwanza. La Uingereza lina dakika 100, la Marekani 91. Kuna diski iliyonunuliwa mtandaoni, muuzaji simtaji, tangazo likisema "kamili". Ilipofika, jalada halina dakika wala kanda. Deki ikaikataa kabisa. Ikachezwa kwenye kompyuta, ambayo nayo inaruhusu kubadili kanda mara tano tu kabla ya kujifunga. Kumbe ndani ni zile dakika 91. Kuirudisha kwa posta kungegharimu kuliko diski yenyewe. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya jalada.

Mwl_Pindo: Kidato cha pili. Projekta ipo.

fremu24: Na deki je? Haya. Mimi nasema ya 1940, maana udanganyifu wake unaonekana kwa macho. Ni mamba mdogo aliyegundishwa pezi mgongoni, anapiganishwa na mjusi. Ukirekodi fremu (picha mojamoja) 72 kwa sekunde kisha ukaonyesha 24, mwendo unapungua mara tatu na mjusi anaonekana mzito. Kinachowaumbua ni maji na vumbi: matone ni makubwa mno kwa mnyama wa ukubwa huo.

BintiKilwa: Wale wanyama waliteswa kweli, usiwaonyeshe watoto. Halafu hilo pezi ni la Dimetrodon, ambaye si dinosaria hata kidogo. Yuko karibu zaidi na ukoo wa mamalia.

Jabali: Hata ya 1966 ina mjusi wako: mwanzoni yumo iguana hai. Kwa ufundi, Gwangi haina mpinzani. Kwenye tukio la kumkamata Gwangi, dinosaria wa filamu hiyo, kwa kamba, wapanda farasi walirushia kamba nguzo iliyofungwa juu ya gari la jeep. Baadaye Ray Harryhausen, fundi wa sanamu za filamu hiyo, aliweka sanamu ya Gwangi ya mpira, yenye mifupa ya chuma ndani, mbele ya skrini ndogo inayorushiwa picha ile, akaisogeza fremu kwa fremu. Kipande cha ardhi ya mbele hufunikwa kwa rangi nyeusi kwenye kioo, filamu hurudishwa nyuma, kisha kipande hicho hupigwa peke yake. Ndiyo maana picha inakuwa na chenga: imepigwa picha mara mbili. Rangi ya Gwangi nayo inarukaruka, mara zambarau, mara kijivu.

BintiKilwa: Na Pteranodon, mtambaazi arukaye, aliyepewa mabawa ya popo, umemsahau? Bawa la Pteranodon lilishikiliwa na kidole kimoja tu, cha nne. Miguu yake isingeweza kumnyakua mtu.

fremu24: Mkao pia. Gwangi amesimama wima, mkia chini. Sasa tunajua mgongo ulikuwa mlalo na mkia hewani.

Jabali: Hilo usiwalaumu watu wa filamu. Yule dinosaria mkubwa wetu wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, alisimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin mwaka 1937 mkia ukiburuta chini. Hata makumbusho yalikosea!

fremu24: Na wakaurekebisha mwaka 2007, mkia ukainuliwa na miguu ya mbele ikanyooshwa. Ila yule ana miguu minne, Gwangi miwili. Usichanganye.

Jabali: Sijachanganya, kosa ni lilelile. Hoja ya miguu umeileta wewe.