Mtoto anachanganya saa za Kiswahili na za shuleni: nianzie wapi?

Mama, Temeke:
Ndugu wazazi, binti yangu ana miaka minane na yuko darasa la pili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Saa ya mishale anaisoma vizuri, ila darasani huitaja kwa namna moja na sisi nyumbani tunaitaja kwa nyingine. Majuzi alinieleza kwamba kikao cha wazazi kilikuwa saa tisa. Nikaomba ruhusa kazini, nikafika alasiri, nikamkuta mlinzi peke yake, kwa sababu mwalimu alikuwa ametaja tisa ya Kiingereza, ambayo kwetu ni saa tatu asubuhi. Baba yake anapendekeza tuache kutaja saa kwa Kiswahili mpaka akomae. Mimi sikubali, kwani bibi yake na muuza duka hawataibadilisha hesabu yao kwa ajili yake. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Tanga:
Mama, usimwachishe. Katika miaka yangu ya kufundisha madarasa ya chini niliona mkanganyiko ukianza pale mzazi anapomwambia mtoto "toa sita" kabla hajamweleza kwa nini. Mweleze kwanza kwamba Kiswahili huhesabu saa tangu kunapokucha, na kuanza upya jua linapokuchwa. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati hizo mbili haziendi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Kisha shusha saa ya ukutani mezani. Mshale mfupi (bibi yangu aliuita akrabu) ukiwa kwenye 9, laza rula kupitia katikati ya saa, nayo itaangukia 3: hiyo ndiyo saa yetu. Mshale mrefu usiguswe, kwa maana dakika ni zilezile. Wazazi wengi husahau kulisema hili, na mtoto hugeuza mishale yote miwili, saa tatu na robo ikawa saa nne kasorobo.

Baba wa watoto wawili, Leeds:
Mwalimu, shikamoo. Rula nimeipenda, lakini maelezo ya jua huku Uingereza yalinigomea. Mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu na nusu usiku, na Desemba saa mbili asubuhi bado ni giza, hata mwanangu akaniuliza asubuhi gani hiyo isiyo na mwanga. Nikaacha mbingu, nikashika shughuli: saa moja ni chai, saa tisa na robo ni kutoka shule, saa mbili usiku ni kulala. Bibi yao aliyeko Unguja akituambia kwa simu atapiga tena saa ngapi, mtoto ndiye anayeiandika kwenye karatasi ya friji, kwa Kiswahili, kisha anaitafuta kwenye saa. Hapo ni lazima pia akumbuke tofauti ya Unguja na huku, na mara mbili tumempigia bibi amekwisha lala.

Mzazi, Arusha:
Mama wa Temeke, nadhani kilichokuangusha si namba tu, ni kukosekana kwa neno "asubuhi". Kwangu saa haitajwi bila alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku nyuma yake, na mtoto akisahau hatumjibu. Na ujumbe wa kikao, kwa kweli, shule ingeuandika kwenye daftari badala ya kumtwisha mtoto.

Mama, Temeke:
Nawashukuru nyote. Jana tulikata boksi la sabuni tukatengeneza saa, namba za shuleni kwa wino wa bluu ndani na zetu kwa nyekundu pembeni, na mshale mfupi ni kijiti cha kiberiti. Alikwama penye 12 pekee: alilaza rula, akaiona 6, akabisha kwamba saa sita mchana haiwezi kuwa chini wakati jua liko utosini. Mwalimu, hilo nimjibuje?

Mwalimu mstaafu, Tanga:
Mwambie jua halisomi namba, mama. Kijiti ndicho kinachoelekea juu; sita tunaitaja tu.